Ng'ombe wa Baba Chebet Hawahesabiwi

Shule ya Shamba,
Juu ya Sachangwan,
Posta ya Molo.
Mwisho wa Agosti, 1957

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka huku kwenye baridi. Nianze na lile ambalo najua unataka kulisikia kwanza: ninakula, ninalala, na kifua hakijanisumbua tangu Pasaka. Nawe je? Goti linakuruhusu kushuka mtoni, au bado unalikaripia kila asubuhi kama mtoto mvivu? Baba mkono wake umepona? Na mvua, imeyakumbuka mahindi yetu au imepita juu kwa juu kwenda kwa watu wengine?

Kifurushi ulichompa Mjomba Hezroni kimefika salama, njugu zote na sweta aliyoifuma Shangazi Rasoa. Mwambie Shangazi asante sana, ila anikumbuke vizuri: mimi ni Jafeti, si yule mumewe marehemu mwenye mikono mirefu. Naikunja mikono ya sweta mara mbili na siivui hata nikiwa kitandani. Huku asubuhi maua ya pareto huwa yamefunikwa na umande mgumu mweupe, na ukiushika vidole vinauma. Bila sweta hiyo ungekuwa unasomewa barua ya mgonjwa.

Nimekuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu ya Kimaragoli, na nimefanya makusudi. Najua anayekusomea ni Mmbone, na ya kwamba tangu mdogo wangu huyo aingie darasa la tano anajiona jaji. (Mmbone, usiruke hapo.) Lugha ya nyumbani angekusomea mbio mbio hata bila kusikia anachokisoma. Kiswahili itambidi akugeuzie, na mtu hawezi kugeuza kitu asichokielewa. Kwa nini ninamtega hivyo, utaona mbele.

Shule yetu bado ni ile stoo ya zamani ya sufi. Kuta zake ni mabanzi ya mbao, na upepo wa milima ya Mau haupigi hodi. Jua likiingia ukuta unatoa harufu ya kondoo, watoto wanasinzia, nami nasinzia pamoja nao. Tunasoma mpaka adhuhuri, kisha wanakwenda kuwasaidia mama zao kuchuma pareto. Wengi ni watoto wa Wakipsigis, watu wa ng'ombe, walioandikwa hapa tangu Wakikuyu walipoondolewa. Sisi tunaotoka upande wenu ni wachache, na tunajuana kwa jinsi tunavyolalamikia ugali wa hapa.

Sasa nikueleze jambo lililonikosesha usingizi mwezi huu mzima. Mwanzo wa muhula bwana wa shamba aliniita, akaniambia misheni wako tayari kutufungulia darasa la nne mwezi wa Januari, na yeye yuko tayari kutoa mabati. Lakini kwanza supavaiza wa shule aje awapime watoto wa darasa la tatu, hasa kwa hesabu za mdomo. Akiridhika, darasa lipo. Asiporidhika, watoto hawa wanaishia la tatu, kwa maana shule nyingine yenye darasa la nne iko Molo mjini, na hakuna mzazi wa huku atakayemruhusu mtoto apite msituni peke yake siku hizi.

Kwa wengine ni habari ya kusikitika kisha kusahau. Kwa Chebet si hivyo. Huyu ni msichana mwembamba, mkimya, anayekaa benchi la nyuma na kufuta ubao wake kwa kiwiko. Baba yake, arap Rono, alishaniambia mlangoni kwangu, "Darasa ikiwa hapa, yeye nasoma. Ikiwa Molo, yeye nachuma pareto mpaka aolewe." Alisema bila ubaya wowote. Hapo nikajua kwamba mtihani wa supavaiza ndio utakaoamua maisha ya mtoto huyu.

Nikaanza kuwapima mwenyewe kabla ya mgeni. Mama, watoto wangu wanaimba. Ukipita nje ukawasikia, "Saba mara nane, hamsini na sita," utasema nchi imepata wataalamu. Mimi mwenyewe nilikuwa najipongeza. Siku moja nikatembea katikati yao wakiimba, nikainama karibu na vinywa, nikagundua kwamba wanaoimba ni watano, na waliobaki wanachezesha midomo. Nikamsimamisha mmoja peke yake, akaniangalia kama mtu aliyevuliwa nguo. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe lenyewe lilikuwa la kwangu.

Chuoni tulifundishwa kwamba ukitaka kujua mtoto ameelewa, muulize kwa kitu anachokijua. Nikafikiri, watoto hawa wanajua nini kuliko ng'ombe? Basi Ijumaa moja nikawauliza mmoja mmoja. Wewe, ng'ombe wa baba yako ni wangapi? Wakitolewa wawili, watabaki wangapi? Na wewe je? Hakuna aliyejibu. Wengine walitazama miguu, wengine walitazama mlango. Nikimbana sana mtoto, ananiambia, "Sijui, Mwalimu," na machozi yamemjaa. Nilipofika kwa Chebet alisimama kimya mpaka nikachoka mimi. Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, nikamwandika dhaifu katika hesabu, yeye na karibu wote.

Jumatatu nikapiga kengele, na benchi mbili zikajaa. Zilizobaki zilikuwa tupu. Waliokuja walikuwa watoto wa Wamaragoli wenzetu na mtoto wa dereva wa trekta. Nikafikiri kuna ugonjwa, au kuna msiba. Jumanne hivyo hivyo. Supavaiza alikuwa ameshaleta habari kwamba atakuja kabla mwezi haujaisha, nami sina darasa la kumwonyesha.

Aliyenifungua macho ni mama yake Chebet, ambaye kwa desturi yao tunamwita Bot Chebet. Alikuja siku hiyo ya Jumanne na kikapu cha pareto mgongoni, akasimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Mwalimu, mimi nauliza wewe neno moja."

"Uliza, mama."

"Ni bwana ametuma wewe?"

"Anitume wapi?"

"Kwa ng'ombe. Watoto wamesema wewe nauliza kila mtu, ng'ombe ya baba yako ni ngapi, ikitolewa mbili inabaki ngapi. Sasa sisi tunataka kujua. Hiyo mbili utatoa lini?"

Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Huku, Mama, kila familia imeruhusiwa kufuga ng'ombe wachache tu. Bwana akipata habari kwamba wamezidi, wa ziada wanaondolewa, na mwenyewe hana pa kulalamika. Watu wazima wa hapa siku za kuhesabiwa ng'ombe wanazikumbuka kama njaa. Na mimi, mgeni mwenye kalamu, ninayeonekana kila mara nikitoka kwa bwana, nimewauliza watoto wao ng'ombe ni wangapi, na tena nikawaambia wawili wanatoka.

"Ile ilikuwa hesabu tu, mama," nikamwambia. "Hakuna ng'ombe wa kweli."

"Ng'ombe yetu iko ya kweli," akasema. "Hata kama bwana hajatuma wewe. Mtu nahesabu ng'ombe ya mtu mwingine kwa mdomo, nasema imetoka, imetoka. Ikikufa kesho, mimi niseme nani ameua?"

Akaweka sawa kikapu chake mgongoni akaenda. Nilikaa kwenye benchi la watoto nikakukumbuka wewe. Unamkumbuka yule karani aliyekuja nyumbani kuandika watu? Alikuuliza una watoto wangapi, ukasema, "Wapo." Akauliza tena, ukasema, "Wapo, Mungu anawajua kwa majina." Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nikicheka jinsi alivyokuna kichwa. Nimelelewa na mwanamke asiyehesabu watoto wake, nikaja huku kuwahesabia watu ng'ombe wao. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, na bado ulimwengu ukalazimika kurudia somo.

Kuita mkutano haikuwezekana, maana siku hizi za hali ya hatari watu wakikusanyika bila kibali askari hawakawii. Nikaenda boma kwa boma baada ya kazi, nikajieleza na kuomba radhi. Wengine walinisikiliza, wengine waliniacha nisimame na mbwa. Kwa arap Rono nilifika wakati wa kukamua. Hakuitikia salamu yangu. Alikamua mpaka akamaliza, akampa mkewe kibuyu, akafuta mikono kwa majani, ndipo akanigeukia.

"Mwalimu, nyumbani kwa mama yako mko ngapi?"

Mama, nakuapia sikufikiri. Mdomo wangu ulijibu kwa sauti yako. "Tupo."

"Mimi nauliza, ngapi?"

"Tupo tu, mzee. Mungu anatujua kwa majina."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka, cheko la polepole lililomtikisa mabega, mpaka ng'ombe aliyekuwa karibu akasogea. Akamwambia Chebet aniletee maziwa. "Kumbe wewe ni mtu," akasema. "Mimi nilifikiri wewe ni karani."

Nikayanywa yale maziwa yao ya kibuyu, yenye mkaa ndani, nikayamaliza yote. Mimi niliyekuwa nikizunguka na maswali kuwapima watoto wake, nilikuwa nimepimwa kwa swali moja, na nikapita kwa jibu lako. Asante, Mama. Alhamisi watoto walianza kurudi, na wiki iliyofuata nikampa Chebet ubao wake akaufuta kwa kiwiko kama kawaida.

Lakini bado sikujua nani anaelewa na nani anachezesha midomo, na siku zilikuwa zinakwisha. Hapo tena nikakukumbuka. Ulipokuwa ukinifundisha kupika mboga ya mrenda, kwa sababu mimi kifungua mimba nilizaliwa mvulana na dada wa kukusaidia alichelewa kuja (asante, Mmbone), vijana wenzangu walinicheka mpaka mtoni. Hukuniuliza hata siku moja, "Umeelewa?" Ulisema tu, "Mfundishe Mmbone." Kisha ukatugeuzia mgongo ukachambua maharagwe. Mimi nikieleza, wewe ukisikiliza kwa mgongo. Nikisahau maji ya munyu, yale ya kuchuja kwenye majivu, bega lako lilicheza kidogo, lakini hukusema neno, na mimi nilipoliona lile bega nilirudi nyuma mwenyewe kutafuta nilichosahau.

Nikafanya hivyo hivyo. Niliwaweka wawili wawili, mmoja amfundishe mwenzake hesabu ya siku hiyo kwa kitu chochote anachotaka yeye, si ninachotaka mimi. Kisha nikawapa mgongo, nikajifanya natengeneza jiko la kuotea moto pale mbele. Mama, nilisikia mengi kwenye jiko lile kuliko mwaka mzima wa kuimba. Kiprotich, mwenye sauti kubwa kuliko wote, alimwambia mwenzake, "Ni hamsini na sita kwa sababu Mwalimu amesema." Nikajua pa kuanzia naye. Na nyuma kabisa nikasikia sauti ndogo, yenye subira, ikisema, "Hapana, usiogope. Hii ni viazi ya mama. Hii imeoza, weka huko. Hii tunapika. Sasa wewe niambie, ya kupika ni ngapi?" Ilikuwa Chebet. Alikuwa amebeba viazi vidogo mfukoni, vile vya kuchomwa, akivipanga kwenye benchi. Mwenzake alipokosea hakumwambia amekosea. Alimrudishia kiazi mkononi akangoja. Na huyu ndiye niliyemwandika dhaifu.

Supavaiza alikuja juma lililopita, mtu mrefu mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka inaweza kusimama peke yake. Akaniamuru nikae kwenye kona, nisitikise hata kichwa. Akasikiliza wimbo wao wa saba mara nane, akaguna. Ndipo akasema, "Haya, sasa tuone mnavyofikiri. Nitawauliza kitu mnachokijua." Nilikuwa nimeshajua kinachokuja. Yeye na mimi tumesoma chuo kimoja.

"Baba yako ana ng'ombe kumi. Wanne wakafa kwa ugonjwa. Wamebaki wangapi?"

Mtoto akatazama mlango. Akamnyooshea kidole mwingine, naye akatazama miguu. Akamuuliza wa tatu. Nilitaka kusema, na amri ilikuwa nisiseme. Supavaiza akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Moyoni nikawaona watoto wote wakipelekwa shambani na kikapu mgongoni, na ile kalamu ilikuwa bado haijagusa karatasi.

Chebet akasimama. Huyu mtoto, Mama, tangu nimjue hajawahi kusimama bila kuitwa.

"Bwana, ng'ombe ya baba iko mzima yote," akasema. "Lakini kama ni debe kumi ya viazi, na nne imeoza, sita iko ya kupika."

Supavaiza akamtazama. "Mimi nimeuliza ng'ombe."

"Ndiyo, bwana. Mimi nimeweka viazi. Kiazi ukisema imeoza, haiwezi kuoza kwa sababu ya mdomo yako."

Yule mtu mrefu akakaa kwenye benchi, magoti yakafika kidevuni, akacheka mpaka akavua miwani. Akasema, "Basi tule viazi." Akawauliza viazi, akawauliza magunia ya mahindi, akawauliza vikapu vya pareto, kujumlisha, kutoa, na kugawa. Mikono ilikuwa inainuka kabla hajamaliza kuuliza. Hata Kiprotich alijibu moja, na akaeleza kwa nini.

Alipokuwa akiondoka alitaka kujua nilivyowafundisha, na nilipomweleza akauliza ni nani aliyenifundisha kuwaacha watoto wafundishane na mimi nikiwa nimewapa mgongo, maana chuoni hakukumbuka somo kama hilo. Nikamwambia, "Ni mama yangu, bwana, akichambua maharagwe." Akadhani namtania. Darasa la nne linafunguliwa Januari. Mabati yameshateremshwa kando ya stoo, na jana arap Rono alikuja kuyagonga kwa fimbo ahakikishe kwamba ni mazito. Kisha alimwacha mtoto wake aendelee na kitabu badala ya kumwita kwenda kuchuma pareto, na Bot Chebet ameniletea kibuyu kingine. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya shule, nikalia kidogo, kisha nikajipangusa kwa mkono wa sweta ya Shangazi. Mwambie ule urefu una kazi yake.

Kwa hiyo nina ombi, Mama. Mmbone akimaliza barua hii, usimwulize kama amemaliza. Mgeuzie mgongo, endelea na maharagwe yako, umwambie amsimulie Baba mambo yote akirudi, kwa maneno yake. Bega lako likicheza, yeye ataliona. (Mmbone, usinikasirikie. Nakupenda, na ningekuwa na kalamu ya pili ningekupa hii.)

Nisalimie Baba sana, na umwambie alipumzishe lile jembe lake mpaka mkono upone kabisa. Nisalimie Guku, bibi yetu, umwambie bado naomba kabla ya kula kama alivyonifundisha, ingawa sala yangu ni fupi kwa sababu ya baridi. Mjomba Hezroni apewe asante ya mzigo, na Shangazi Rasoa asante ya mikono mirefu. Watoto wa nyumba zote wasalimie kwa majina yao. Na ukinijibu, Mama, usiniulize darasani nina watoto wangapi. Nilishaona benchi tupu, na sasa nikiwapa mgongo nawasikia nyuma yangu wakibishana juu ya viazi.

Wapo.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Jafeti